Hakimu wa Nukta Tano

Mtu akifika siku hizi kwenye baraza la cherehani la Burhani, pale Jules Street, Malvern, jijini Johannesburg, akamwinamia na kuuliza kwa sauti ya chini kama yule mpiga ramli bado yupo, Burhani humtazama juu ya miwani na kusema, "Alishafariki, ndugu yangu. Alifia Park Station, mwaka wa Kombe la Dunia." Halafu humuuliza kama ana suruali ya kupunguza. Wengi hutoa pole na kwenda zao. Mkongomani mmoja mwenye adabu zake alirudi kesho yake na kuku wa rambirambi, na Burhani akampokea yule kuku bila haya, akamla.

Marehemu ni yeye mwenyewe. Na katika mtaa mzima hakuna anayemsengenya marehemu huyo kama yeye.

Alikuja mji huu na mikasi ya kazi, nguo za kubadili na kopo la mchanga. Kopo lilikuwa la kahawa. Mchanga ulikuwa wa baba yake, mzee Salum wa Pangani, ambaye watu walitoka Handeni na Muheza kuja kupigiwa ramli kwake. Mzee alitaka mwanawe airithi kazi. Alimketisha mbele ya sinia la mchanga, akamfundisha kudonoa kwa kidole mistari kumi na sita ya nukta bila kuhesabu, kisha kuzifuta nukta mbilimbili mpaka kila mstari ubaki na moja au mbili. Mistari minne ni mama mmoja. Mama wanne huzaa mabinti wanne, hao wote wakijumlishwa wawiliwawili, mstari kwa mstari, huleta wajukuu, wajukuu huleta mashahidi wawili, na mashahidi humtoa hakimu. Hakimu ndiye mwenye neno la mwisho.

Burhani aliyashika hayo yote, maana kichwa chake hakikuwa kibaya. Kilichomponza ni makalio, hayakujua kutulia. Somo likifika kwa hakimu, mpira ulikuwa umeshaanza uwanjani, na mwanafunzi ameshaaga kwa macho. Alichokiona ni kwamba mzee, kabla ya kutamka neno, aliupitisha ukucha wa dole gumba juu ya nukta za hakimu, taratibu, mara tatu nne, midomo ikicheza. Burhani aliyapenda sana yale madaha. Akayaiga. Alipokuja kupiga ramli mwenyewe, aliupitisha ukucha wake juu ya kila hakimu, midomo ikicheza, wala hakujiuliza hata siku moja baba yake alikuwa akifanya nini.

Johannesburg hakuja kupiga ramli. Alikuja kushona. Lakini mwezi wa tano mwaka 2008, wageni walipofukuzwa mitaani na wengine kuuawa, alijikuta amehifadhiwa katika ukumbi wa kanisa pamoja na watu wasiopungua mia mbili, kopo lake ndilo mto wake. Mama mmoja akauliza humo mna nini. Burhani, kwa kupenda sifa, akasema. Kabla chai ya asubuhi haijachemka foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mchungaji alifurahi kweli, akidhani watu wanasubiri maombi.

Humo ukumbini ndimo alimogundua siri ya utabiri. Mtabirie mhamiaji safari, hukosei. Mwambie kuna karatasi inamsumbua, atashika mdomo kwa mshangao, kana kwamba kuna mgeni Johannesburg asiyesumbuliwa na karatasi. Mwambie kuna mtu anamwonea kijicho, atakutajia na jina, na wakati mwingine na namba ya nyumba. Kwa mambo hayo matatu Burhani aliendesha elimu ya baba yake miaka miwili, na watu wakamshukuru.

Aliyemharibu kabisa ni Lambert. Huyu alikuwa Mrundi, mwalimu wa historia huko kwao Gitega kabla ya vita, na sasa mlinzi wa jengo la ofisi huko Randburg. Vitabu ambavyo wapangaji wa jengo walivitupa, yeye alivisoma zamuni kwake. Alikuja kupunguziwa sare, akaliona sinia.

"Ndugu yangu Burhani," alisema, "unajua wewe ni nani? Wababeli walisoma maini ya kondoo. Wachina walichoma mifupa, wakasoma nyufa. Wagiriki walikuwa na mwanamke aliyeketi juu ya kigoda cha miguu mitatu, wafalme wakivuka bahari kwenda kumsikiliza. Na wewe, mtu wa ukoo huo, uko hapa unapunguza suruali!"

Akamsimulia habari za mfalme mmoja wa kale aliyetuma watu kwa mwanamke huyo kuuliza kama apigane na jirani yake. Akajibiwa kwamba akivuka mto atavunja dola kubwa. Akavuka kwa furaha. Dola iliyovunjika ikawa yake mwenyewe.

Burhani alicheka mpaka sindano ikamchoma. "Mjinga yule! Si angeuliza dola ya nani?"

"Ndiyo shida," alisema Lambert. "Mtu akitaka sana jibu, husahau aliuliza nini."

Burhani hakuyasikia hayo, alikuwa amebaki kwenye neno ukoo. Tangu siku hiyo alianza kuzungumza polepole. Alinunua kofia. Alichukua kigoda kizuri cha miguu minne, akakikata mguu mmoja ili kiwe mitatu, na siku ya pili yake kigoda kikaanguka na sinia na mteja. Mchanga wa Pangani ukazolewa na ufagio, na tangu hapo ukawa na vumbi la Malvern ndani yake.

Hatua kumi kutoka barazani, Marthe aliuza magwinya, yale maandazi makubwa ya huku. Alikuwa Mrundi, mjane, mlokole wa kweli, na mwaka ule wa 2008 alikikimbia chumba chake upande wa East Rand akiwa ameokoa sufuria moja tu, hiyohiyo aliyokaangia. Burhani alimpenda. Hakuna haja ya kuzunguka mbuyu: alimpenda tangu alipomsikia akimfokea askari wa manispaa kwa Kirundi, na askari, asielewe neno hata moja, akaomba radhi. Kila asubuhi Burhani alinunua magwinya manne, ingawa mafuta yalimpa kiungulia, na kila asubuhi alimwambia neno moja la maana: "Asante." Hivyo kwa mwaka mzima na nusu. Mtu aliyewaambia mamia ya watu mambo yao ya kesho alishindwa kumwambia mwanamke wa hatua kumi jambo la leo. Waliosema mganga hajigangi walimjua Burhani kabla hajazaliwa.

Mwaka 2010 dunia nzima ilikuja Johannesburg kupuliza vuvuzela, na chini ya kelele hizo kulikuwa na maneno ya pembeni. Kwenye spaza, vile viduka vya mitaani, kwenye teksi, kwenye ngazi za gorofa, uliyasikia: Kombe likiisha, wageni mtatutambua. Wengine waliyasema wakicheka, na hao ndio waliotisha zaidi. Watu wakaanza kufunga mizigo. Jumatatu ya wiki ya fainali, Marthe aliifunika sufuria yake, akavuka zile hatua kumi, akaketi mbele ya sinia.

"Fundi," alisema, "kanisani wakijua niko hapa watanitenga. Lakini naogopa. Watu banasema mambo mingi. Dada yangu ananiita Bujumbura. Niende, ao nibaki?"

Burhani aliusawazisha mchanga kwa kiganja. "Jina lako," alisema kwa sauti ya kikazi, "na la mama yako."

"Marthe." Akasita kidogo. "Mama ni Rosalia."

Burhani aliyanong'oneza majina juu ya mchanga, akadonoa. Alipofika kwa mashahidi jasho lilikuwa likimtoka, na mwezi wa saba Johannesburg ni baridi ya kutafuna mifupa. Marthe alikuwa ameiweka mikono yake kwenye ukingo wa sinia, ina alama ndogondogo za kuruka kwa mafuta ya moto, na Burhani aliitazama mikono hiyo pale alipopaswa kutazama nukta. Akamtoa hakimu. Moja, moja, moja, mbili. Nukta tano. Akapitisha ukucha, midomo ikicheza.

Umbo hilo huitwa Kizingiti cha Nje. Baba yake alilisoma kwa neno moja: toka.

Angeweza kusema lolote. Miaka miwili alikuwa akisema lolote. Lakini siku hiyo, kwa bahati mbaya, aliamua kuwa mkweli. Alijiambia kwamba yule mwanamke wa kigoda hakuwapindishia wafalme, na kwamba akimwambia Marthe abaki atakuwa amesema kwa moyo wake na si kwa mchanga. Ulikuwa ukweli mtukufu sana, na chini yake kulikuwa na woga mtupu. Mchanga ukisema, nani atamuuliza fundi yeye anasemaje?

"Mchanga unasema uende," alisema.

Marthe alimtazama muda mrefu. "Mchanga ndio unasema hivyo?"

"Hakimu amesema."

"Bon," alisema Marthe. Akainuka, akaifuta mikono yake ambayo haikuwa na kitu, na alasiri hiyohiyo akakata tiketi ya basi la Lusaka, mwanzo wa njia ya Bujumbura, la Ijumaa saa nane mchana, ili Jumapili ya fainali imkute mbali.

Burhani aliinakili ramli ile kwa chaki ya kushonea kwenye karatasi ya kukatia nguo, akaitundika msumarini. Alijidai ni kumbukumbu ya kazi. Kwa kweli alitaka tu kitu chenye jina la Marthe kiwepo ukutani. Siku nne hizo alinunua magwinya manane badala ya manne, akasema asante mbili, na kiungulia nacho kikaongezeka.

Ijumaa, Marthe alipokwisha kuondoka na mizigo yake, alikuja Inès, binti wa Lambert mwenye miaka kumi na mitatu, kufuata sketi yake ya shule. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Kombe. Inès alikisikia Kiswahili vizuri, ila kukisema alikisema kama mtu apitaye juu ya mawe peku. Akaitazama ile karatasi ukutani.

"Anko, hii ni hesabu?"

"Hii ni elimu ya kale," alisema Burhani, na kwa kuwa moyo ulimuuma na alitaka kuusahau, akamweleza yote: mama, mabinti, wajukuu, mashahidi, hakimu.

"Mabinti wanatoka wapi?"

"Kwa mama haohao. Mama unawasoma toka juu kwenda chini. Mabinti unawasoma kwa kukata, toka kulia kwenda kushoto."

Inès akahesabu kwa kidole hewani. "Eish, Anko. Huyu wa mwisho hawezekani."

"Hawezekani vipi? Huyo ni hakimu."

"Nukta za mama na za mabinti ni zilezile, si ndiyo? Umegeuza tu. Sasa unajumlisha zote. Ni namba moja, mara mbili. Na ukifuta, unafuta mbilimbili. Namba yoyote mara mbili haiwezi kutoa tano, Anko. Haiwezi kutoa saba. Hata ukicheza mpaka kesho." Akagusa vichwa vya mashahidi. "Ona. Hapa moja, na hapa moja. Ni mbili. Wewe umeandika moja."

Burhani aliutazama ukucha wa dole gumba lake. Akamwona mzee Salum, midomo ikicheza: mbili, mbili, mbili. Hayakuwa madaha. Baba yake alikuwa akimpima hakimu kabla ya kumwachia ahukumu. Akiwa shufwa, aseme. Akiwa witiri, mpigaji amekosea njiani, afute aanze upya. Na yeye, miaka yote hii, alikuwa akiwapapasa vichwa mahakimu wa uongo na kuwaruhusu waende zao. Ni watu wangapi walihama nyumba, waliacha wake, walihama kanisa, kwa hukumu ya hakimu asiyekuwepo? Alimkumbuka yule mfalme wa mto, ambaye yeye alimwita mjinga, akaona aibu mbele yake.

Akaongeza nukta iliyokosekana. Mbili, moja, moja, mbili. Umbo hilo alilijua, huitwa Mkutano. Walio mbali hukutana, walio wawili huwa kitu kimoja.

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika kumi. Burhani alichomoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na kopo la mchanga mkononi, ingawa mpaka leo hawezi kueleza alilichukua la nini. Nyuma yake Inès alikuwa akipiga kelele, "Anko, sketi yangu!" Akadandia teksi, na robot zote za Jules Street, zile taa za barabarani, siku hiyo ziliamua kuwa nyekundu.

Alimkuta Marthe Park Station, kwenye foleni ya basi, mizigo imeshapakiwa, sufuria ameikumbatia ikiwa imefungwa kwa kitenge. Burhani, bila salamu, akaanza kufundisha hesabu. Alieleza mama. Alieleza mabinti. Alidai kwamba namba mara mbili haitoi witiri, akaonyesha kwa vidole, akashusha pumzi, akaonyesha tena. Foleni yote ikageuka kusikiliza. Mzee mmoja wa Kizambia akakubali kwa kichwa.

"Baba, unapanda ao unafundisha?" kondakta aliuliza.

"Kwa hiyo mchanga ulisema nini?" Marthe akauliza.

"Mkutano," alisema Burhani, kwa fahari ya mtoto aliyetumwa na kukumbuka vyote alivyotumwa.

Marthe aliiweka sufuria chini. "Fundi, na mimi nina neno. Mama yangu haitwi Rosalia. Mimi ni mtu wa Yesu, sikutaka jina la mama yangu liingie mu vitu hivyo. Rosalia ni mke wa mchungaji."

Burhani alilitazama kopo lake. Tano haikuwa, na sita nayo haikuwa. Ramli nzima, na makosa yake na masahihisho yake, ilikuwa ya mtu ambaye hajazaliwa.

"Sasa mchanga hauna neno," alisema Marthe taratibu. "Tumebaki sisi wawili. Wewe unasema nini?"

Hata kipofu angeuona mlango ule ulivyofunguliwa. Na Burhani, mrithi wa Babeli, mtu wa ukoo wa kigoda, akafungua kopo.

"Basi nipe jina la kweli," alisema. "Nipige upya. Haichukui dakika kumi."

Hapo ndipo mpiga ramli alipofia. Marthe alimtazama vilevile alivyomtazama Jumatatu, akaiokota sufuria yake, akapanda basi.

Burhani alibaki na kopo wazi mkononi. Basi likanguruma. Alimwona Marthe dirishani, ametazama mbele kabisa, na ndipo akaelewa kwamba Jumatatu pia hakuwa amekuja kuuliza mchanga. Alikimbia, kopo likamtoka, mchanga wa baba yake ukamwagika kwenye viatu vyake na vya watu, akaligonga dirisha kwa ngumi.

"Usiende!"

Dirisha lilikuwa limefungwa. Marthe akaweka kiganja sikioni.

"Usiende, Marthe! Nakupenda! Ni mimi nasema! Si mchanga, ni mimi!"

Stesheni nzima ilisikia. Shabiki mmoja mwenye jezi ya njano alipuliza vuvuzela yake kama vile bao limeingia. Nyuma ya kioo midomo ya Marthe ilisema kitu, na basi likaondoka.

Burhani alikaa kwenye benchi, futi shingoni. Hakulia, lakini si kwa ushujaa, ni kwa kuwa yule mzee wa Kizambia, aliyekuwa akisubiri basi la jioni, alikuja kukaa karibu naye na kumwomba arudie pale penye mabinti, hakupaelewa vizuri. Akarudia. Ilipita saa nzima na zaidi ndipo simu ikalia.

"Niko Pretoria," alisema Marthe. "Nimeshuka. Dereva amekasirika sana. Njoo unisaidie mizigo."

Burhani alishindwa kusema hata asante.

"Na Jumatatu," Marthe akaendelea, sauti imepungua, "Kombe likiisha, wakija kutufukuza kama wakati ule?"

"Sijui," alisema Burhani. Lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli katika miaka miwili. "Wakija, sufuria nitaibeba mimi."

Burhani alisikia magari ya Pretoria, na mtu akiuza machungwa.

"Burhani," alisema Marthe, na hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Mama yangu anaitwa Emérite. Yuko hai. Usimpigie ramli."